Kazi ya Mkono na Simu ya Mkononi

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, twawaomba ndugu zetu wasomaji watupe dakika chache juu ya jambo lililo dogo kwa kulitazama, kubwa kwa kulifikiri. Jambo lenyewe ni hili: simu hizi za kisasa zilizomo mifukoni mwetu, na kazi za mkono tulizozirithi kwa wazee wetu, je, zaweza kukaa pamoja katika nyumba moja, au moja haina budi kumfukuza mwenziwe?

Mas'ala haya hayakututokea kitabuni, yalitutokea barazani. Ami yetu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Kila baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani na kitambaa chake na sindano yake. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake alituambia, "Nipeni huyu kijana wenu nimfunze, macho yangu yangali yaona." Tukamjibu, "Inshaallah, ami, akimaliza mitihani." Mitihani ikaisha, kijana akanunuliwa simu, na ile inshaallah yetu ikawa ni neno la kumwondolea mzee maneno, wala haikuwa ahadi. Alipofariki, tulikuta sandukuni mwake kofia iliyoshonwa nusu. Mistari ya penseli imekwisha kuchorwa, na sindano imechomekwa pale alipoishia. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu awezaye kuongeza kiua kimoja. Tuliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kwanza, tuijue kazi yenyewe. Watu wengi huivaa kofia ya viua wala hawajui imepitia wapi. Kofia ni vipande viwili: duara la juu, na ukanda uzungukao kichwa. Kitambaa hupangwa tabaka mbili ili kofia isimame. Fundi huchora nakshi kwa penseli, kisha hutoboa vitundu kimoja kimoja, na kila kitundu hukizungushia uzi ukingoni hata kikawa imara. Vitundu hivyo si pambo tu, bali hupitisha hewa kichwani, jambo linalohitajika sana katika joto la pwani yetu. Kofia moja nzuri huchukua majuma mengi, na nyingine miezi. Ikiisha, huvaliwa miaka, ikifuliwa na kutiwa wanga, na kila ikifuliwa hurudi kuwa kama mpya.

Pili, tuipe simu haki yake. Hatupendi mtu aseme kwamba tumeandika makala haya kuharimisha alichokihalalisha Mungu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2007, mama aliyeko kisiwani hupokea masurufu kutoka kwa mwanawe wa Mombasa kabla chai haijapoa, hali zamani alingoja msafiri mwaminifu. Na huyo huyo mshonaji wa kofia amefaidika. Zamani alimngoja mchuuzi aje ampe bei aitakayo. Leo hupiga picha ya kofia yake, akaipeleka kwa WhatsApp mpaka Maskati, ambako watu huvaa kumma iliyo ndugu wa kofia yetu, na mnunuzi akajua ni mkono wa nani ulioshona. Basi simu si adui wa sindano. Ni mtumishi mwema, nasi kosa letu ni kumfanya mtumishi kuwa bwana wa nyumba.

Tatu, tujue kile ambacho simu haiwezi. Baada ya maziko, kijana wetu alitaka kuimaliza ile kofia. Akatafuta katika simu, akapata picha zitembeazo zaonyesha ushonaji, akazitazama mara nyingi hata akaweza kueleza kazi yote kwa ulimi. Aliposhika sindano katika kitambaa cha kujaribia, kitambaa kilijikunja kama jani kavu. Tukampeleka kwa bibi mmoja wa mtaa wetu ajuaye kazi hiyo. Bibi hakusema mengi. Alimshika mkono, akamwambia, "Wavuta uzi mno, mwanangu. Uache ukae, usiuburure." Kosa lilikuwa hilo tu. Zile picha hazikumwambia, kwa kuwa mwanafunzi huiona picha, lakini picha haimwoni mwanafunzi.

Sisi tuliosoma vyuoni twaijua siri hii. Kurani haichukuliwi kwa kusikiliza peke yake. Mwanafunzi humsomea mwalimu wake, na mwalimu humrudi palipo na kosa. Elimu ya mkono ni vivyo hivyo. Hupita kutoka kwa mtu hata kwa mtu, na ukikatika uzi mmoja katikati, hakuna sanduku litakaloihifadhi. Mji wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta zimepata wa kuzitetea, nasi twafurahi. Lakini mikono iliyochonga milango na kushona kofia yamtegemea nani, isipokuwa sisi wenyewe?

Wala mtu asiidharau kazi hii akaiona ni ya wasiosoma. Nabii Daudi alikuwa mfalme, na Mungu alimlainishia chuma akatengeneza deraya, na imesimuliwa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe nyumbani kwake. Ikiwa hao hawakuona aibu, aibu yetu twaitoa wapi?

Atasema msemaji: "Kofia za mashine zaletwa kwa wingi kutoka ng'ambo, nazo ni rahisi. Je, maskini asivae?" Twamjibu: avae, wala asione unyonge, kwani Mungu haangalii kofia. Maneno yetu ni kwa yule ambaye simu yake yafanya kazi salama, naye huiacha na kununua nyingine kwa maelfu ya shilingi kwa sababu jirani amenunua. Kisha akienda kwa mshonaji aliyeketi miezi miwili, huvutana naye kwa shilingi mia tatu. Huyo hakukosa fedha, amekosa mizani. Na kuishi maisha ya wastani si kuishi maisha ya dhiki. Ni mtu kujua kipi kimtoshacho, na kumlipa mwenziwe haki ya jasho lake.

Basi tufanyeje? Twaona haya yafuatayo yawezekana kwa kila nyumba:

1. Baina ya alasiri na magharibi simu ziwekwe kando, za wazee kabla ya za watoto. Mtoto hatii neno ambalo babake halifuati.

2. Kila mtoto, mwanamume na mwanamke, ajifunze kazi moja ya mkono: kushona kofia, kusuka ukili wa mkeka, useremala au nyingineyo. Madrasa zetu zaweza kutenga siku moja ya juma wakati wa likizo, na fundi alipwe kama alipwavyo mwalimu.

3. Simu itumike kuwahifadhi wazee wetu wangali hai. Kwa idhini yao, yarekodiwe majina ya nakshi na maelezo ya kazi. Kisha mtoto akae chini mbele ya mzee huyo huyo, simu ikiwa imezimwa.

4. Mwenye uwezo anunue kazi ya mkono walau moja kwa mwaka, kwa bei ya haki, na asivutane.

5. Mzee akisema, "Nipeni kijana nimfunze," asijibiwe kama tulivyojibu sisi.

Ile kofia ya ami haijaisha. Kijana wetu ameongeza safu tatu, na hata asiyejua kazi ataona pale mkono wa fundi ulipokoma na wa mwanafunzi ulipoanza. Alitaka kuzifumua kwa kuona haya. Bibi alimkataza, nasi tukamkataza. Ziache, mwanangu, safu ya nne itakuwa bora.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitumia vyombo hivi wala visitutumie, awarehemu mafundi wetu waliotangulia, na awape warithi. Amin.