SOMO LA KUJIWEKA TAYARI KABLA YA DHIKI

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mpaji wa riziki, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu yangu Muislamu, jua ya kuwa dhiki ya mali ni namna mbili. Iko dhiki ijayo kwa ghafula, kama moto au maradhi. Na hiyo mtu hana lawama nayo. Na iko dhiki ijayo mchana, kwa miguu yake, nasi twaiona tangu mbali. Hii ya pili ndiyo somo letu. Mwenye kuiona inakuja, asijitayarishe, kisha akasema, "Ni kadari ya Mungu," huyo ameusingizia kadari uvivu wake.

Wala usidhani ya kuwa kuweka akiba ni kupungukiwa na tawakali. Nabii Yusuf, juu yake amani, alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuwaambia watu waketi wangoje. Aliwaamuru walime miaka saba na wayahifadhi mavuno katika mashuke yake, illa kidogo cha kula, ili wapate kuivuka miaka saba ya njaa. Na nahodha wetu wa pwani hukikalafati chombo kingali juu ya mchanga. Hangoji kuingia maji mkondoni.

KHABARI ZA NYANDA ZA JUU KUSINI

Wengi katika jamaa zetu wa pwani wamekwenda Mbeya na Iringa kwa biashara, na huko yako mafunzo makubwa kwa mwenye kuzingatia. Tutataja matatu.

La kwanza ni dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande, na mji wa Mbeya ukakua kwa sababu yao. Kisha dhahabu iliyokuwa ikiokotwa mitoni ikapungua, na mwaka 1956 mgodi mkubwa wa New Saza ukafungwa. Aliyejenga matumizi yake juu ya dhahabu peke yake, siku ile alibaki na nini? Leo dhahabu inachimbwa tena Chunya, na mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini. Lakini funzo ni lile lile: kilichokuja kwa wingi chaweza kuondoka.

La pili ni kahawa. Mwezi wa Julai 1989 ulivunjika mpango wa mataifa wa kugawana kiasi cha kahawa ya kuuza, na bei ulimwenguni ikaanguka hata karibu na nusu. Mkulima wa Rungwe na wa Mbozi (iliyokuwa katika Mkoa wa Mbeya hata mwaka 2016) hakukosea shambani kwake. Khasara ilimfika kwa neno lililokatwa mbali asikokujua.

La tatu ni mahindi. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi, na bei ikashuka Nyanda za Juu. Ghala zilijaa, na mwenye ghala hana fedha ya ada wala ya mbolea. Basi jua ya kuwa dhiki huja kwa uchache wa mavuno, na huja pia kwa wingi wake.

MIEZI YA DHIKI INAJULIKANA

Sisi pwani tuna masika na vuli. Ikikosa hii, mtu huitumai ile. Lakini Mbeya na Iringa mvua ni ya msimu mmoja, huanza karibu na Novemba ikaisha Aprili au Mei, na mahindi mengi huvunwa kuanzia Juni. Kwa hiyo fedha huingia katikati ya mwaka, na mahitaji makubwa huja mwishoni na mwanzoni: Novemba mbegu na mbolea, Januari vifaa vya shule, na tangu Januari hata Machi ghala hupungua na bei ya chakula hupanda. Haya hayana ghaibu ndani yake. Januari haijapata kukosa kuja.

Nawe mwenye duka usijione u nje ya khabari hii. Mkulima akikosa fedha mwezi wa Februari, atakuja kwako kukopa sukari na mafuta mpaka Julai. Dhiki yake ni daftari lako. Ukikopesha mali yote ya duka, utakuwa tajiri wa karatasi na maskini wa rafu.

YAPASAYO KUFANYWA KABLA

Kwanza, hesabu. Tuchukue mfano: mtu ana watu sita nyumbani, akakadiria gunia moja la kilo 100 kwa kila mtu kwa mwaka. Magunia yale sita si mali ya kuuza, hata bei ikimpendeza. Ayatenge siku ya mavuno, kabla wanunuzi hawajafika mlangoni. Kisha atenge ya mbegu na mbolea. Kisha atoe zaka ikiwa imempasa. Yatakayobaki ndiyo ya soko.

Pili, hifadhi. Mahindi mabichi huoza, na dumuzi hula asichopanda. Yakaushwe sana, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ifungwe barabara. Akiba isiyolindwa ni sadaka ya wadudu.

Tatu, usiweke riziki yote katika tundu moja. Mwenye mahindi awe na maharage au viazi. Mwenye duka awe na kuku au shamba dogo.

Nne, mwambie mkeo. Waume wengi huficha khasara kwa kuona haya, na nyumba ikaendelea kutumia kama jana, hata mdai akabisha hodi. Mke aliyejulishwa mapema hupunguza matumizi kwa hekima. Asiyejulishwa hulaumiwa kwa asilolijua.

KUUZA MAZAO YANGALI SHAMBANI

Hapa pana khatari kubwa kuliko zote, basi ifahamu. Tuseme mtu amepungukiwa Januari, gunia sokoni ni shilingi 90,000. Mwenye fedha humpa 30,000 kwa kila gunia atakalovuna. Naye huuza magunia matatu ya Julai ili anunue gunia moja la Januari. Mwaka wa pili atapungukiwa zaidi, na wa tatu atauza shamba.

Sheria yetu haikukataza kununua mazao kwa kutanguliza fedha. Iko biashara ya salamu, na ina masharti: fedha itolewe yote palepale katika mapatano, na kinachonunuliwa kijulikane namna yake, kipimo chake na siku ya kutolewa. Sasa mtazame mwenye kufunga viazi kwa lumbesa, gunia lililopandishwa kilemba juu ya mdomo wake. Kipimo hicho si cha kujulikana. Ni dhuluma iliyoshonwa kwa kamba, na sheria ya vipimo ya nchi nayo inaikataza. Mfanya biashara wa Kiislamu, ukinunua Iringa au Njombe, nunua kwa mizani. Wala usimwinde mwenye njaa kwa bei ya njaa.

Na mkopo wa riba, huu ambao watu wenyewe wameuita "kausha damu", jina lake limetosha kuueleza. Uharamu wake wajulikana; na hata asiyeujali uharamu, aone ya kuwa hauondoi dhiki, bali huiahirisha na kuinenepesha.

DHIKI IKIISHA KUFIKA

Mwendee mdai wako kabla siku haijafika, umweleze kweli, na muandikiane muda mpya mbele ya mashahidi. Anayejificha hupoteza uaminifu, nao ndio rasilimali ya mwisho ya mfanya biashara. Nawe mdai, Qurani imekuamuru umpe muda aliye katika dhiki, na ukimsamehe ni kheri kwako. Na kumbuka ya kuwa mwenye deni asiloweza kulilipa ni mmoja wa wanaostahiki zaka. Basi asione haya kuipokea, wala jamaa wa msikiti wasingoje hata auze kitanda.

MASUALA

1. Nini tofauti ya dhiki ya ghafula na dhiki inayoonekana?
2. Kwa nini mkulima alidhikika mwaka 2017 na ghala limejaa?
3. Taja masharti ya salamu. Lumbesa huharibu lipi?
4. Je, wewe umekwisha tenga ya Januari?

Suala la nne usilijibu kwa mdomo. Lijibu kwa ghala lako na daftari lako. Mwenyezi Mungu atukinge na deni linaloshinda nguvu zetu, na atupe mkono wa kuweka na mkono wa kutoa. Amin.