Somo la 8: Vyombo Vitupu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1–7; Mithali 27:23–27; Yeremia 29:4–7; Kumbukumbu la Torati 11:10, 11; Luka 14:28–30; Mithali 22:7.

Fungu la kukariri: Mithali 27:23.

Mjane wa 2 Wafalme 4 hatajwi jina. Kuhusu mumewe tunaambiwa kwamba alikuwa mmoja wa wana wa manabii, alimcha Bwana, amekufa, na ameacha deni. Mdai sasa yuko njiani kuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mtu alimcha Bwana na bado akafa akidaiwa. Maandiko hayaoni haya kuyaweka mambo hayo mawili katika fungu moja, na darasa lisifanye haraka kuyatenganisha.

Katika miji yetu mdai hachukui watoto. Anachukua vyombo: godoro, televisheni, jiko la gesi, hata masufuria. Juma hili tunajifunza bajeti ya nyumba pamoja na bustani ndogo ya ndoo na magunia mlangoni. Huenda yakaonekana kuwa masomo mawili tofauti. Lakini mjane aliokolewa kwa hesabu na kwa vyombo vitupu, na tutaona kwamba vitu hivyo viwili havifanyi kazi sawa.

JUMAPILI: Aliyesema

Soma 2 Wafalme 4:1. Kabla ya muujiza, mjane alifanya nini?

Alilia mbele ya Elisha. Alilitaja deni, akamtaja mdai, akasema na siku imekaribia. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kusema.

Fikiria familia ya watu watano iliyopanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Baba ni seremala, analipwa kazi inapopatikana. Mama anauza vitumbua asubuhi. Mwezi ambao baba hakupata kazi, mama alichukua mkopo wa shilingi 100,000, ule unaoitwa kausha damu, wa kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Hesabu yake ni 135,000. Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha asubuhi yote, vitumbua havikuuzika, na marejesho hayakutimia. Akakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Mumewe hajui. Yeye naye ana 60,000 katika daftari la dukani, na mkewe hajui. Kila Sabato wanakaa benchi moja, wanafungua somo moja, na kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake kwa kunyamaza.

Usiku mmoja, baada ya kufunga Sabato na watoto wamelala, mama anasema, "Baba watoto, kaa kidogo. Kuna jambo nimekuficha."

Anasubiri ghadhabu. Baba anakaa kimya muda mrefu, kisha anasema, "Na mimi, mama. Na mimi lipo la kwangu."

Kukiri kule hakujapunguza hata shilingi moja. Lakini wanaolihesabu deni sasa ni wawili.

Je, kuna deni nyumbani mwako ambalo mwenzi wako akilijua leo atashangaa? Ni nini hasa unachoogopa?

JUMATATU: Hali ya kundi

Soma Mithali 27:23–27. Mfugaji anaagizwa kujua nini, na sababu inayotolewa katika fungu la 24 ni ipi?

Agizo hapa ni kujua. Mfugaji anatakiwa kuijua hali ya kondoo na mbuzi wake mmoja mmoja, kwa kuwa mali haidumu milele. Mwishoni kuna maziwa ya mbuzi ya kuitosha nyumba, lakini mwanzoni kuna mtu anayezunguka zizini akitazama.

Mbagala kundi ni fedha inayoingia na kutoka, na zizi ni daftari la shule la kurasa arobaini. Familia ile iandike siku 30 kabla ya kupanga chochote. Wengi huanza kwa kupanga: wanachora jedwali zuri, linavunjika juma la pili, nao wanasema bajeti si ya watu wenye kipato cha mashaka. Kuandika hakuvunjiki. Jioni wote wawili wanakaa dakika kumi na kuandika kila kitu: unga, mkaa, nauli, LUKU, vocha, soda ya mtoto, makato ya pesa za simu, mchango wa harusi ya binamu.

Baada ya mwezi daftari linaanza kusema. Kwa kawaida nyumba haizami kwa matumizi makubwa ambayo kila mtu anayajua. Inazama kwa yale madogo yasiyo na mwenyewe, na kwa yale makubwa yanayokuja mara moja na kuitwa ya ghafla, ingawa tarehe yake ilijulikana. Kodi ya miezi sita ni mfano. Kama chumba ni 30,000 kwa mwezi, vyumba viwili kwa miezi sita ni 360,000. Asiyeweka kitu huamka siku ya kodi na kukimbilia kausha damu. Anayeweka 2,000 kila siku hufika siku ile akiwa nayo. Na kwa kuwa kipato hupanda na kushuka, bajeti ipimwe kwa mwezi mbaya. Kinachozidi katika mwezi mzuri kina kazi yake tayari, nayo ni deni.

Zaka nayo inahitaji daftari. Muuza vitumbua hutoa zaka katika faida, baada ya kurudisha fedha ya unga, sukari, mafuta na mkaa. Asiyeandika hajui faida yake, na asiyejua faida hawezi kujua sehemu ya kumi ni ngapi. Huyo hukisia, na anayekisia huishia ama kumpunja Bwana ama kumrudishia kwa mtaji wa kesho.

Neno kwa wazee wa kanisa: tangazo la mchango wa makambi, la jengo na la safari ya kwaya yakitolewa Sabato moja, yote matatu huingia katika daftari lile la kurasa arobaini.

JUMANNE: Bustani ya mpangaji

Soma Yeremia 29:4–7. Walioambiwa kupanda bustani walikuwa wakikaa wapi?

Walikuwa uhamishoni Babeli, katika nchi isiyo yao. Kwa hiyo neno la kwamba aliyepanga hawezi kulima halina nguvu sana. Mpangaji anahitaji tu bustani inayohamishika.

Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo inafaa. Kiroba cha unga, gunia na beseni la zamani navyo vinafaa. Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu au rangi ya mafuta kisitumike hata kikioshwa mara kumi. Toboa matundu chini, kwa kuwa mizizi iliyozama majini huoza. Weka kokoto kidogo, kisha changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo kama udongo ni mfinyanzi. Samadi mbichi huunguza miche, na hilo ndilo kosa la wengi wanaoanza. Chagua mahali panapopata jua angalau saa tano au sita. Usiweke sahani ya maji chini ya ndoo, maana utafuga mbu.

Anza na mchicha, kwa sababu ndani ya majuma matatu hadi manne unavunwa, na anayeanza anahitaji kuona kitu mapema. Matembele hayahitaji mbegu: omba vipande vya mashina kwa jirani, uchomeke. Sukuma wiki ihamishwe ikiwa mche wa majani manne au matano. Uvunaji wake una adabu: chuma majani ya chini, acha kilele, nayo itakulisha kwa miezi. Gunia lina faida ya kupandwa juu na ubavuni. Katikati yake simamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini. Vidukari wakikaa chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, asubuhi au jioni, usisubiri wawe wengi.

Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kupanga ndoo koridoni, na umpelekee fungu la kwanza.

Unaishi mahali ambapo unajiona mpitaji tu. Hali hiyo imekuzuia kufanya nini?

JUMATANO: Gharama ya mnara

Soma Luka 14:28–30 na Kumbukumbu la Torati 11:10, 11.

Bustani ya ndoo husifiwa sana, na mara nyingine husifiwa kupita kiasi. Yesu anataka mjenzi akae kwanza ahesabu, basi na tuhesabu. Tuseme familia ile hununua mboga za majani za 1,000 kila siku, yaani 30,000 kwa mwezi. Ndoo na magunia, yakitunzwa, yawapatie mboga siku tatu katika juma. Wataokoa karibu 12,000 kwa mwezi. Musa alikumbusha kwamba Misri ilinyweshwa kwa nguvu za mtu kama bustani ya mboga, tofauti na Kanaani iliyokunywa mvua. Ndoo za mlangoni ziko Misri: udongo wake hukauka upesi, na bila mkono wako hazinywi. Kwa anayenunua maji kwa ndoo hiyo ni gharama, isipokuwa atumie maji ya kuoshea mchele na mboga. Baki na 10,000.

Sasa tazama upande wa pili. Mkopo mmoja wa kausha damu ulikula 35,000 kwa mwezi mmoja. Bustani nzima haikufikia hata theluthi ya riba ile.

Je, ing'olewe? Hapana. Mboga ni chakula cha watoto, na mtoto anayemwagilia hujifunza kungoja. Lakini familia isiyosema ukweli kuhusu deni inaweza kulima kwa bidii mwaka mzima na bado ikazama, huku majirani wakiisifu bustani. Kumi elfu ile ina nguvu pale tu inapoandikwa daftarini na kupelekwa kwa mdai. Isipoandikwa itageuka soda na vocha, wala hakuna atakayejua ilipita wapi.

ALHAMISI: Baada ya mafuta kukoma

Soma 2 Wafalme 4:3–7. Majirani walimpa mjane nini? Na alifanya nini vyombo vilipojaa?

Hakuna jirani anayetajwa kumpa fedha. Walimwazima vyombo vitupu, vitu ambavyo pengine havikuwa na kazi siku ile. Wanawe walivileta na yeye akamimina, mlango ukiwa umefungwa. Watoto waliokuwa wachukuliwe kwa ajili ya deni waliiona kazi ya kulilipa tangu mwanzo.

Kisha kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Vyombo vimejaa, mafuta yamekoma, na nyumba kwa mara ya kwanza ina mali. Hakununua kitu. Alirudi kwa mtu wa Mungu akamweleza, akaambiwa utaratibu: auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni lilitangulia.

Familia ya Mbagala ilikwenda kwa wadai wote wawili na daftari mkononi, ikaomba kulipa kidogo kidogo bila kuongezewa riba. Mmoja alikubali. Wa pili alikataa, akatishia kubeba vyombo. Mzee wa kanisa aliyewasindikiza alimwuliza kwa upole kama ana leseni, kwa maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Mazungumzo yalibadilika. Hata hivyo godoro moja liliuzwa, na mama aliacha kukaanga vitumbua kwa majuma mawili kwa kukosa mtaji, mpaka dada mmoja wa Dorkasi alipomwazima karai na kumpa kilo tano za unga.

Darasa lako lina vyombo gani vitupu vya kumwazima mtu, visivyo fedha?

IJUMAA: Jifunze zaidi

Mwaka 1852 James na Ellen White walihamia Rochester, New York, pamoja na kazi changa ya uchapishaji. Walikodi nyumba kuukuu kwa dola 175 kwa mwaka. Viti vyao vilikuwa vya zamani, hata viwili havikufanana. Viazi na siagi vilikuwa ghali kwao, hivyo walikula tanipu mahali pa viazi. Milo yao ya kwanza waliila juu ya ubao uliowekwa juu ya mapipa mawili matupu ya unga. Habari hizi zinajulikana kwa sababu Ellen White mwenyewe aliziandika, bila kuona aibu.

Maswali ya kujadili:

1. Mume wa mjane alimcha Bwana na aliacha deni. Darasani au kanisani kwenu, mtu anayedaiwa husikia nini zaidi: lawama au swali la Elisha kuhusu alichonacho nyumbani?

2. Mithali 22:7 humwita mkopaji mtumwa wa mkopeshaji. Ni mikopo gani inayoweza kusaidia kazi, na mtu ataitambuaje kabla ya kutia sahihi?

3. Mwanamke anaogopa kwamba akilitaja deni lake mumewe atampiga. Je, ushauri wa Jumapili unamfaa kama ulivyo? Aanze kwa nani?

4. Kila mshiriki aandike nyumbani matumizi ya juma moja, bila kuyasoma hadharani. Sabato ijayo aseme jambo moja tu lililomshangaza, kama yuko radhi.

5. Mwenye mashina ya matembele au miche ya ziada ayalete.