Kujifunza au Kutazamana? Safari ya Televisheni Kutoka Darasani hadi Vipindi vya Maisha Halisi



Ndugu wasomaji, katika makala haya tunajifunza pamoja jambo linalogusa sebule za nyumba zetu, kumbi za mapumziko za seminari, na hata vibanda umiza vya Bukoba mjini na Muleba. Jambo lenyewe ni hili: kwa namna gani televisheni iliyoanzishwa ili kufundisha hugeuka, hatua kwa hatua, ikawa televisheni ya kutazama maisha ya watu wengine? Hatuandiki ili kuilaani televisheni. Tunaandika kwa sababu chini ya habari hii kuna swali la kifalsafa na la kichungaji kwa pamoja: binadamu anapotazama, anatafuta nini? Na sisi tunaoandaliwa kuwafundisha wenzetu, tutawapa nini?

1. Tulianza na redio

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970, lakini upande wa Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa kwa nchi maskini, ikaweka nguvu yake katika redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kufuatia somo. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Tuutazame vizuri muundo huo: kusikiliza, kujadili, kutenda. Yeyote anayesali katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ataona mfanano wake mara moja. Neno linasomwa, linashirikishwa, kisha tunaulizana nani atamtembelea mgonjwa. Katika kampeni zile, kipindi cha redio hakikuwa mwisho wa jambo. Kilikuwa mlango tu, na thamani yake ilipimwa kwa kile watu walichofanya baada ya redio kuzimwa.

2. Chaneli iliyosahau jina lake

Mfano ulio wazi zaidi wa mageuzi tunayoyazungumzia unatoka Marekani. Mwaka 1972, idara ya serikali iliyohusika na afya, elimu na ustawi wa jamii, pamoja na NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo, walianzisha huduma ya matangazo ya elimu kwa njia ya satelaiti. Mwaka 1980 huduma hiyo ikaingia mikononi mwa watu binafsi na kuitwa The Learning Channel, yaani Chaneli ya Kujifunzia. Mwaka 1991 ilinunuliwa na kampuni ya Discovery. Baadaye jina likafupishwa na kubaki herufi tatu tu: TLC.

Kuanzia miaka ya 2000 chaneli hiyo iliongeza vipindi vya aina nyingine. Kulikuwa na Trading Spaces, ambamo majirani walipambiana vyumba. Zikaja familia zenye watoto wengi, zikifuatwa na kamera hadi jikoni. Mwaka 2014 kikaja 90 Day Fiancé, kinachofuatilia wachumba wa nchi mbalimbali na ugomvi wao. Ukiwasha TLC leo, ni vigumu kukisia kwamba ilizaliwa kama darasa. Herufi zimebaki, lakini neno la kujifunza limetoka ndani yake.

3. Kwa nini hutokea hivyo?

Jibu jepesi ni kusema kwamba watu wameharibika. Jibu hilo halitusaidii, kwa sababu halielezi kwa nini jambo lilelile hutokea mahali pengi. Sisi tunaona sababu tatu zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni chanzo cha pesa. Kituo kinachoendeshwa kwa fedha za umma huulizwa: watu wamejifunza nini? Kituo kinachoendeshwa kwa matangazo ya biashara huulizwa: watu wangapi wanatazama? Muuza sabuni hanunui elimu, ananunua macho. Swali likibadilika, jibu nalo hubadilika, hata kama wafanyakazi ni walewale na nia zao ni njema.

Ya pili ni gharama. Kutengeneza kipindi cha sayansi au historia kunahitaji utafiti, wataalamu na safari. Mchezo wa kuigiza unahitaji waandishi na waigizaji wa kulipwa. Lakini watu wa kawaida wanaofurahia kuonekana, wakiwekwa mbele ya kamera, hutoa saa nyingi za kipindi kwa fedha kidogo.

Ya tatu iko ndani yetu. Ugomvi usioisha hutufanya turudi kesho. Somo la hesabu likieleweka limekwisha, bali swali la nani atamsaliti nani halina mwisho.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la macho, methali hiyo hupata mtihani. Kinachojitembeza sana ndicho hununuliwa, na chema hubaki kimekaa kikisubiri mteja. Tena tuone kwamba hapahitajiki mkutano wowote ambao watu waliketi wakaamua kuacha kufundisha. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila moja iliweza kutetewa. Aristotle alitufundisha kwamba tabia hujengwa kwa matendo yanayorudiwa. Hilo ni kweli kwa mtu, na ni kweli kwa taasisi pia.

4. Hali ya kwetu

Kwetu Bara historia ina tofauti moja muhimu. Televisheni ilipoanza mwaka 1994, ilianza kwa vituo binafsi, ITV ikiwa mojawapo, na matangazo ya biashara yalikuwa sehemu ya maisha yake. Televisheni ya taifa, ambayo leo ni TBC, ilifuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo televisheni yetu haikuanguka kutoka darasani kwenda sokoni. Ilizaliwa sokoni, na elimu ikaja kuomba nafasi.

Mwaka 2003 likaja Big Brother Africa: vijana wa nchi mbalimbali wakafungiwa ndani ya jumba moja, kamera zikiwaona mchana na usiku. Nchini Malawi, Bunge lilipitisha azimio la kuzuia kipindi hicho mwaka huohuo. Tanzania ilishiriki, na tena ikashinda. Richard Bezuidenhout alitwaa dola 100,000 mwaka 2007, na Idris Sultan akatwaa dola 300,000 mwaka 2014. Kwa kijana asiye na ajira, takwimu hizo nazo ni fundisho. Zinamwambia kwamba kutazamwa ni kazi, na kwamba kazi hiyo inalipa kuliko kusoma miaka mingi. Hatusemi kwamba washindi hao walikosea. Tunasema tu kwamba kila kipindi hufundisha, hata kile kisichodai kufundisha. Kwa hiyo swali halisi ni hili: kinafundisha nini?

5. Mtakatifu Thoma anatusaidia kutofautisha

Katika masomo ya falsafa tunakutana na sentensi ya kwanza ya Metafizikia ya Aristotle, isemayo kwa maana yake kwamba watu wote kwa asili hutamani kujua. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaipokea kauli hiyo, kisha anafanya jambo la busara: anaiweka hamu ya kujua chini ya fadhila ya kiasi. Kama vile hamu ya chakula ni njema lakini huweza kuharibika, ndivyo ilivyo hamu ya kujua. Ikiongozwa vizuri, ni bidii ya kujifunza. Isipoongozwa, ni udadisi mbaya.

Katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, anapozungumzia udadisi wa milango ya fahamu, Thoma anagusa karibu kabisa suala letu. Kutazama mwenendo wa jirani kwaweza kuwa kwema, iwapo mtu anajifunza kutoka kwake au anatafuta kumsaidia. Kunakuwa kubaya iwapo anatazama ili amdharau au amsengenye. Thoma hakuiona televisheni, lakini kipimo chake kinafaa mpaka leo. Baada ya kipindi kwisha, tumepata kumheshimu zaidi binadamu yule, au tumepata kitu cha kumcheka?

Hapa mtu anaweza kutupinga kwa haki. Mvuvi aliyekesha ziwani, au mama aliyeshinda shambani akipalilia migomba, ana haki ya kukaa jioni na kucheka bila kuhubiriwa. Ni kweli. Tena Thoma yuko upande wake. Yeye anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na kwamba mchezo na kicheko ni pumziko lake. Anakumbusha kisa cha uta: ukivutwa daima bila kulegezwa, huvunjika. Kwa hiyo burudani si adui wa elimu. Kosa huanza pale burudani inapojiita elimu, au pale inapokula muda wote hata elimu ikakosa nafasi.

6. Umbo lenyewe si adui

Kuna ushahidi wa karibu kwamba kipindi cha maisha halisi kinaweza kufundisha. Mwaka 2009 kilianza hapa nchini kipindi cha Maisha Plus, kikiongozwa na Masoud Kipanya, mchoraji katuni anayejulikana. Badala ya jumba la kifahari, vijana waliwekwa kijijini, wakaishi maisha ya kijijini. Mwaka 2011 shirika la Oxfam lilianzisha shindano la Mama Shujaa wa Chakula kwa ajili ya wakulima wanawake, na baadaye akina mama hao waliingia katika kijiji cha Maisha Plus. Mwanamke mkulima, ambaye mara nyingi huonekana kwenye televisheni akiwa mtu wa kuhurumiwa, akaonekana kama mtu mwenye ujuzi.

Nchini Kenya, Shamba Shape Up kilianza mwaka 2012. Wataalamu hufika katika shamba la familia moja, husikiliza shida zao na kurekebisha mambo pamoja nao. Mtazamaji ana hamu ya kuona mwisho, lakini mwisho wenyewe ni banda la kuku lililojengwa vizuri. Na kwa watoto, Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014 kupitia TBC, kimefundisha hesabu kwa nyimbo na hadithi.

Mifano hii inaonyesha kwamba kamera inayofuata maisha ya watu haina kosa kwa yenyewe. Tofauti iko katika kitu ambacho kamera inakitafuta, yaani aibu ya mtu au ujuzi wake.

7. Kwa nini jambo hili ni zito Kagera

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligundulika wilayani Muleba. Kwetu mgomba ni chakula, ni heshima ya nyumba, ni urithi wa ukoo. Ugonjwa huo huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, na pia na panga lililotumika kwenye mgomba mgonjwa kisha likatumika kwenye mzima. Kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, na kusafisha panga kwa moto au kwa jiki, ni mambo madogo, lakini ni lazima yajulikane na kila nyumba. Jirani mmoja asiyejua anatosha kuangamiza kitongoji.

Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba vijijini, na watu kadhaa walipoteza maisha. Watu walihitaji kujua kwamba virusi huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, na kwamba desturi zetu za kuosha na kuaga wapendwa wetu zilipaswa kusimama kwa muda. Saa kama hiyo inapofika, jamii iliyozoea kutumia vyombo vya habari kwa kujifunza hupokea ujumbe haraka. Jamii iliyozoea kutumia vyombo hivyo kwa kutazamana huupokea kama tetesi nyingine ya mjini.

8. Na sisi je?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulivipokea vyombo vya mawasiliano kama zawadi, na papo hapo ukawadai watumiaji wawe na malezi. Leo parokia nyingi zina kamera zao na kurasa zao mitandaoni. Hapo ndipo somo hili linapotugeukia sisi wenyewe. Mahubiri ya dakika 15 hupata watazamaji wachache, bali kipande cha sekunde 20 cha padre akicheza kwenye harusi huenea nchi nzima. Tukianza kuchagua la kurekodi kwa kuhesabu watazamaji tu, tutapita njia ileile ya TLC, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, hadi jina libaki juu ya mlango na kazi iwe imehama.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu ya kuanzia. Jumuiya zetu zirudishe mtindo wa kusikiliza na kujadili: kipindi kimoja kizuri kwa mwezi, kitazamwe pamoja, kisha kiulizwe kimetudai tufanye nini. Wazazi wakae na watoto wao mbele ya televisheni na kuwauliza wanachokiona, kwa maana kuizima tu hakumfundishi mtoto kuchagua. Nasi mafrateri, kabla ya kurusha picha yoyote, tujiulize kama aliyemo ndani yake angefurahi mama yake aione.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni kipindi gani cha redio au televisheni kilichowahi kubadilisha jambo fulani nyumbani kwako?
2. Tunapotazama maisha ya wengine, tunajuaje kwamba tunajifunza na kwamba hatusengenyi?
3. Parokia yetu ikipewa saa moja ya matangazo kila wiki, tuitumie kufundisha nini kwanza, na nani aandae?