Homosisteini: namba ikipanda, inatuambia nini?

Ukienda zahanati na homa, vipimo vyake unavijua: malaria, wingi wa damu, pengine na sukari. Sasa tuseme mjomba amerudi kutoka hospitali kubwa hapa Mwanza na karatasi yenye jina geni, "homosisteini", na mbele yake namba 22. Nyumbani wote wanakutazama wewe, maana ndiye unayesoma Baiolojia. Utawaambia nini?

HOMOSISTEINI NI KITU GANI?

Ukila sato, dagaa, nyama, mayai au maziwa, mwili huivunja protini na kupata vipande vidogo viitwavyo amino asidi. Kimojawapo ni methionini. Mwili ukishaitumia methionini, inabaki homosisteini. Kwa hiyo kila mtu anayo. Si mdudu wa ugonjwa, wala si sumu uliyolishwa na mtu.

Mwili hautakiwi kuiacha irundikane, na una njia mbili za kuiondoa. Njia ya kwanza ni kuirudisha iwe methionini tena. Hapo unahitaji vitamini mbili: foleti na B12. Njia ya pili ni kuigeuza iwe amino asidi nyingine, sisteini, kwa msaada wa vitamini B6. Vitamini hizo zikipungua, homosisteini inajaa kwenye damu, kama taka zinavyojaa mtaani gari la taka lisipopita.

INAPIMWAJE?

Kwa kawaida mtu hupimwa asubuhi kabla hajala. Damu hutolewa mkononi, chupa huwekwa kwenye barafu, kisha damu huzungushwa kwa mashine mapema, ndani ya saa moja hivi, ili chembe zitengane na maji ya damu.

Haraka ya nini? Ni kwamba chembe nyekundu huendelea kutoa homosisteini hata zikiwa ndani ya chupa. Damu ikikaa kwenye joto la kawaida, namba hupanda kwa takribani asilimia 10 kila saa. Hebu fikiria damu iliyotolewa Nansio, ikapanda meli mpaka Mwanza kwa saa tatu bila barafu wala kuzungushwa. Mtu mwenye 10 anaweza kusomeka 13, na mwenye 13 akavuka mpaka wa kawaida. Kumbe safari tu ya chupa inaweza kumpa mtu "ugonjwa"!

NAMBA ZINASEMAJE?

Kipimo ni mikromoli kwa lita. Kwa mtu mzima, maabara nyingi husoma hivi:

- 5 hadi 15: kawaida.
- 15 hadi 30: imepanda kiasi.
- 30 hadi 100: imepanda sana.
- Zaidi ya 100: imepanda mno. Hapa daktari hufikiria ugonjwa wa kurithi, ambao ni nadra.

Basi mjomba mwenye 22 imepanda kiasi. Lakini namba hiyo haisemi kwa nini imepanda. Inaweza kuwa upungufu wa foleti, B12 au B6. Inaweza kuwa figo hazifanyi kazi vizuri, au tezi ya shingo imelegea. Sigara na pombe huipandisha, umri pia, na baadhi ya dawa, kwa mfano fenitoini ya kifafa. (Asiache dawa yake kwa sababu hiyo! Amweleze daktari.) Swali la kumpelekea daktari ni moja: "Imepanda kwa sababu gani?"

JE, ATAPATA KIHARUSI?

Hofu hii ina historia. Mwaka 1969 daktari Mmarekani, Kilmer McCully, alieleza habari za watoto waliofariki wakiwa na homosisteini nyingi mno. Mishipa yao ya damu ilikuwa imeharibika kama ya wazee. Akauliza: je, hata ongezeko dogo linaweza kuharibu mishipa ya watu wazima? Baadaye ilionekana kweli kwamba watu wenye namba kubwa hupata zaidi magonjwa ya moyo na kiharusi.

Wengi wakadhani dawa imepatikana: meza vitamini, namba ishuke, moyo upone. Mwaka 2006 yalitoka majibu ya majaribio mawili makubwa, moja la Norway na lingine lenye wagonjwa 5,522. Waliomeza vitamini, namba zao zilishuka. Lakini vifo vya moyo havikupungua! Kwa hiyo kushusha namba ni jambo moja, na kuulinda moyo ni jambo lingine. Kama mjomba anaogopa kiharusi, apime presha na sukari kwanza, na sigara aiache.

SASA INAKUHUSU NINI WEWE?

Inakuhusu kwa sababu ya foleti. Mtoto akiwa tumboni, uti wa mgongo na ubongo wake huanza kama mfereji unaojifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo wasichana wengi hawajui hata kama wana mimba. Foleti ikiwa pungufu, hatari ya mfereji kutofunga huongezeka, na mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti ulionyesha kwamba akina mama waliowahi kupata mtoto wa namba hiyo, wakimeza asidi ya foliki kabla ya mimba, hatari ilipungua kwa karibu robo tatu. Si laana, na si kosa la mama.

Wenye selimundu nao huhitaji foleti nyingi. Chembe zao nyekundu huvunjika upesi na mwili hutengeneza mpya kila wakati. Ndiyo maana kliniki huwapa asidi ya foliki.

TAZAMA SAHANI YAKO

Dagaa, sato na sangara wana B12. Maharage, kunde, karanga, mchicha na majani ya kunde yana foleti. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi hapo! Mboga usizichemshe sana na kumwaga maji yake, maana foleti inaondoka nayo. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasagaji wakubwa kuongeza asidi ya foliki kwenye unga wa ngano na mahindi. Lakini unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Na usijinunulie vidonge duka la dawa kwa kubahatisha. Mtu mwenye upungufu wa B12 akimeza asidi ya foliki peke yake, damu yake inaweza kuongezeka akajiona amepona, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika na miguu inakufa ganzi.

JIPIME

1. Vitamini zipi mbili huirudisha homosisteini iwe methionini?
2. Kwa nini chupa ya damu huwekwa kwenye barafu?
3. Jirani amepata 18, na muuza dawa anamwambia, "Meza vitamini tu, moyo utapona." Utamshauri nini? Jadilianeni darasani.