Homa ya Papasi: Kwa Nini Hurudi Baada ya Mgonjwa Kupata Nafuu

Ujiji ilikuwa kikomo cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Njia za namna hiyo zilieneza pia papasi, kupe laini ajifichaye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, akitoka usiku kuwanyonya waliolala. Mwaka 1905 Robert Koch aliona bakteria wa homa hii hata ndani ya mayai ya papasi. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Mwingereza Joseph Dutton alifariki Kasongo kwa homa aliyokuwa akiichunguza. Bakteria huyo, Borrelia duttonii, ana jina lake.

Homa hupanda ghafla, hudumu siku chache, kisha huondoka kwa jasho jingi. Mgonjwa hurudi shambani au mtumbwini. Baada ya takriban wiki moja huanguka tena. Kinga ya mwili huwatambua bakteria kwa protini iliyo juu ya miili yao, na kingamwili huwaua karibu wote. Lakini bakteria ana jeni nyingi za protini hizo, naye hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Wachache waliokwisha kubadili vazi hawatambuliwi. Hao ndio wanaozaana na kuleta wimbi la pili. Katika panya wa maabara, bakteria wameonekana wakisalia katika ubongo hata baada ya kutoweka katika damu.

Kwa sababu hiyo damu ichukuliwe homa ikiwa juu. Homa ikishuka, bakteria huwa wachache mno kuonekana kwa hadubini. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwatambui kabisa. Kipimo hicho kimeokoa wengi, ila kimefanya hadubini ipumzike mno, na homa ya papasi hupita hapo bila kuonekana. Kwa mjamzito kosa hilo ni zito: mimba huweza kuharibika, au mtoto akafa punde baada ya kuzaliwa.

Doksisiklini hutibu, wajawazito na watoto wadogo hupewa erithromisini. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wakifa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka, homa ikapanda na shinikizo la damu likashuka. Hivyo abaki kituoni akiangaliwa, kisha amalize dawa zote hata akijisikia mzima.

Nyumbani, nyufa zizibwe, na watu walale kitandani ndani ya chandarua, mbali na ukuta. Papasi huweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Nyumba iliyohamwa zamani bado yaweza kumwambukiza mgeni wake wa kwanza.