Ameacha Pombe. Sasa Afanye Nini?

Somo la juma: Mathayo 12:43-45, Waefeso 4:28, Marko 1:29-31, Marko 5:18-20

Neno la Jumapili lilitoka Mathayo 12, ile habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka bila kupata pa kupumzika, akarudi akakuta nyumba imefagiwa na kupangwa vizuri, lakini haina mtu. Mnajua alienda kuita wangapi. Mimi nimehudumu kwa miaka kadhaa na kina ndugu wanaotoka kwenye pombe, bangi na muguka, na kila nikifika hapo nasimama. Shida ya ile nyumba haikuwa uchafu. Ilikuwa safi kabisa. Shida ni kwamba ilikuwa tupu.

Hebu fikiria siku ya mlevi. Sisi husema hana kazi, lakini huyo mtu yuko bize kutoka asubuhi. Anatafuta shilingi hamsini, anatafuta wa kumnunulia, anatafuta uongo wa kumwambia mama watoto, anatafuta njia isiyopita kwa anayemdai. Siku imejaa. Sasa ameokoka, ameacha. Kanisani tunakuwa naye Jumapili saa tatu, pengine na Jumatano kwa ushirika wa nyumbani. Na zile saa zingine? Ikifika saa kumi na moja jioni, marafiki wote aliokuwa nao wako pale pale kwenye keg, na sisi tuko kwa matatu tukirudi nyumbani. Maombi tumemwombea, ndiyo. Lakini nyumba bado iko tupu.

Fungua Waefeso 4:28. Paulo anaandika kuhusu mwizi, na wengi wetu tungeishia kwa kumwambia aache kuiba. Paulo haishii hapo. Anamwambia afanye kazi kwa mikono yake mwenyewe, halafu anataja sababu: apate kitu cha kumgawia mwenye shida. Si apate cha kujilisha tu. Angalia safari ya huo mkono. Ulikuwa unachukua, ukaacha kuchukua, sasa unapeana. Yule aliyesimama katikati, ameacha kuchukua lakini hajaanza kupeana, Paulo hamhesabu kuwa amefika.

Kuna habari ya kweli kutoka Marekani ambayo huwa naifundisha. Mwaka wa 1935 mfanyabiashara mmoja, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Miezi hiyo yote alikuwa amewafuata walevi wa New York akiwahubiria waache, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Mke wake ndiye aliyeona kitu ambacho yeye hakukiona: wao hawakuacha, lakini wewe mwenyewe hujanywa. Sasa huko Akron biashara iliyompeleka ikaanguka. Akajikuta peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, na kwa upande mmoja anasikia kelele za baa. Alijua akiingia amekwisha. Akaenda kwa simu, akapiga kwa mhubiri mmoja wa mji huo, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuongea naye.

Wapendwa, sikieni vizuri. Hakuomba mtu wa kumsaidia. Aliomba mtu wa kusaidia.

Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikubali kumpa dakika kumi na tano tu. Waliongea zaidi ya saa tano. Daktari alianguka tena mara moja, kisha akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Mwezi huo huo wawili hao wakaenda hospitalini kutafuta mlevi wa tatu. Hivyo ndivyo kilivyoanza kile chama cha walevi waliopona, Alcoholics Anonymous, ambacho hata hapa Kenya kina mikutano yake. Dakt. Bob aliishi hadi 1950, na inahesabiwa aliwahudumia walevi kama 5,000 bila kuwatoza pesa. Hatua ya mwisho kati ya zile kumi na mbili wanazofuata ni kumpelekea mwingine ulichopokea. Mtu wa Biblia akisikia hivyo anakumbuka 2 Wakorintho 1:4, tunafarijiwa ili tuweze kufariji.

Sasa turudi kwetu. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Mwalimu, huyu kijana ana miezi mitatu tu tangu aache. Unampa huduma? Akianguka si atatuaibisha?" Ni swali la haki, na 1 Timotheo 3:6 iko upande wake: aliyeokoka juzi asifanywe askofu. Lakini kuna kazi na kazi. Mkwe wa Petro, homa ilipomtoka, aliinuka akawahudumia. Hakuna aliyemwambia akae kando mwaka mzima aangaliwe. Na pia hakuna aliyemsimamisha mlangoni ahubirie mji.

Kwa hivyo mimi nasimama hapa: mpe kazi mapema, lakini chagua kazi. Viti, hema, kufagia, kuteka maji, kuchota mchanga wa ujenzi, kumpeleka mgonjwa kliniki, kulima shamba la mjane. Kazi ya kufanya pamoja na watu, yenye saa ya kuanza, ambayo asipofika mtu atampigia simu. Usimpe sadaka kuhesabu. Hiyo si kumdharau; njaa ya pombe ikimrudia na pesa iko mkononi, wewe ndiye umemwekea mtego. Usimtume peke yake kwenye mtaa wa madeni yake ya zamani. Na tafadhali, usimkimbize madhabahuni atoe ushuhuda wiki ya tatu. Tunapenda kupiga makofi, najua. Lakini mtu akishapigiwa makofi hivyo, siku akijaribiwa ataona haya kusema.

Kitu kingine, na hapa niko na uzito moyoni. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata kifafa na kufa. Mwombee, na umpeleke hospitali. Usimfungie chumbani kwa kufunga na kuomba ukidhani kila mtetemeko ni pepo. Luka alikuwa tabibu. Hawa watu wa NACADA wana simu ya bure, 1192, piga uulize. Huduma ninayoisema inaanza mwili ukishatulia.

Na huduma yenyewe isigeuke adhabu. Sheria yetu ya 1998 inamruhusu hakimu kumtuma mkosaji afanye kazi ya jamii badala ya kumfunga jela, na ni sheria nzuri. Lakini hiyo ni hukumu. Ndugu yetu hafagii ili alipie miaka aliyopoteza, ilishalipwa msalabani. Nikiona mtu anafanya kazi hadi usiku, hali, hapumziki, kila huduma ni yeye, namketisha chini. Huyo anakimbia kitu.

Mke wa ndugu mmoja aliniambia, "Kanisani anaosha masufuria, nyumbani hajainua hata kikombe." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Yule aliyetolewa jeshi la mapepo, Marko 5, aliomba amfuate Yesu mashuani. Yesu akamkatalia, akamtuma nyumbani kwa watu wake. Kwa hivyo siku hizi kabla sijampa ndugu zamu ya hema, namuuliza ua la nyumba yake liko namna gani. Mara nyingi tunaanzia hapo, wanaume wanne na nyundo, na mama anatupikia chai akituangalia kwa wasiwasi. Ana haki ya wasiwasi. Ameahidiwa mengi.

Akianguka je? Wengine wataanguka. Wagalatia 6:1 inataka arudishwe kwa upole. Mwondoe kwa kazi inayomhatarisha, lakini usimnyang'anye zote. Jumamosi ifuatayo mpitie nyumbani, mje pamoja.

Jumamosi hii tunasafisha mtaro ulio nyuma ya soko, kuanzia saa mbili asubuhi. Jembe na kiatu cha matope uje nacho, mafagio ya kanisa ni machache. Kuna githeri saa saba. Tunahitaji pia washirika ambao hawajawahi kunywa maishani mwao, ili asiwepo wa kuhesabu nani ni nani.