Kabla Kikundi Hakijanunua Gari Lililotumika

Wapendwa wanakikundi wa Kawangware 56, akiba ya chama ikinunua gari bovu, wote tumeumia. Basi tuzingatie haya:

1. Fikeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkiikuta imeshapashwa moto, jihadharini: hapo huenda kuna ugumu wa kuwaka uliofichwa.

2. Moshi wa buluu maana yake inachoma oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

3. Tairi imelika upande mmoja? Kagueni stiaringi na chasisi.

4. Linganisheni namba ya chasisi na logibuku, kisha ombeni rekodi ya gari NTSA. Jina la benki likiwemo, ulizeni deni.

Fundi awe wenu, si wa muuzaji.

Jadilianeni: Nani atakagua? Nani atashika logibuku?